Motokari iko juu, lakini freni?

Maneno ya kamati ya motokari mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Makiso, Kisangani. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, maana wengi hawakupata nafasi ya kukaa ndani na walisikilizia dirishani.

Mwenyekiti ametupa dakika ishirini. Hatutazila kwa salamu.

Mara ya mwisho mlituuliza swali moja: tununue motere ingine, ao tuuze motokari? Wengine kati yenu mlikuwa mmeisha kuchoka. Mulisema, "Ile gari inakula makuta ya chama, haitufikishi." Tumekaa nayo karakani majuma matatu, na jibu letu ni kwamba hatutaki kununua motere wala hatutaki kuuza. Motere iko nzima. Tatizo liko chini yake na nyuma yake, na sehemu moja ya tatizo hilo ingeweza kuua watu. Tutaanza na hiyo.

Mnakumbuka safari ya Banalia. Ni kilometa 128 tu kutoka hapa, lakini wanaoijua ile barabara wanajua kwamba kilometa za huku hazilingani na za kwingine. Kwenye mteremko wa kushuka mtoni, pale Aruwimi, mahali watu wanapongojea kivuko, shoferi alikanyaga freni. Nyuma kulikuwa mamama sita, watoto, na mifuko ya mbegu. Pua ya motokari iliinama, magurudumu ya mbele yakafunga, na motokari ikaendelea kuteleza mbele moja kwa moja kama mtumbwi. Alizungusha volani, haikugeuka. Ilisimama yenyewe kwenye tope, na hakuna aliyeumia. Siku ile watu walimlaumu shoferi. Wengine walilaumu matope. Sisi tunasema hapa mbele ya wote kwamba shoferi hana kosa lolote.

Chini ya motokari kama yetu, Land Cruiser HZJ75, karibu na ponti ya nyuma, kuna kivali kidogo kimefungwa kwenye shasi, na kutoka kwake kuna fimbo nyembamba inayoshuka mpaka kwenye ponti. Kazi yake ni kupima mzigo. Motokari ikiwa tupu, shasi iko mbali na ponti, na kivali kinapunguza nguvu ya freni za nyuma ili magurudumu ya nyuma yasifunge bure. Ukipakia, shasi inashuka, fimbo inasukumwa, na kivali kinaruhusu freni za nyuma zifanye kazi kwa nguvu zaidi. Ni kitu cha akili sana. Lakini hakina macho. Kinachojua ni umbali tu kati ya shasi na ponti.

Sasa, motokari hii ilitufikia ikiwa imeinuliwa tayari. Aliyeimiliki mbele yetu alikuwa anabeba mchele, na yeye pamoja na watu wake waliongeza vyuma viwili kwenye kila resso ya nyuma, wakaweka jumeli ndefu mbele na nyuma, na matairi makubwa. Kazi ya mikono yao wenyewe, na kwa sehemu ni kazi nzuri, tusimdharau mtu. Ila ile fimbo ya kivali iliachwa na urefu wake wa zamani. Kwa hiyo hata mkipanda watu kumi na mifuko, shasi bado iko mbali na ponti, na kivali kinasema, "Motokari iko tupu." Freni za nyuma zinapata nguvu kidogo tu, za mbele zinabeba kazi yote, zinafunga, na gurudumu lililofunga haliongozi popote.

Tulipozidi kuangalia tulikuta pia mpira wa freni unaoshuka kwenye ponti ya nyuma umevutika mpaka umenyooka kama kamba ya nguo. Kwenye shimo moja kubwa ponti ingeshuka chini na mpira ungechomoka. Hapo hakuna tena habari ya freni kidogo.

Jambo la pili linahusu mwendo, na hapa tunaomba mtuvumilie, kuna hesabu.

Wote mlisema motere imekufa kwa sababu kwenye mlima haina nguvu. Sisi tuliiwasha asubuhi na baridi: inawaka mara moja. Haitoi moshi wa buluu, mafuta yake hayapungui, maji hayachemki. Ile 1HZ ni motere ya mazuti ya silinda sita, lita 4.2, haina turbo, si motere ya mbio, lakini ni motere inayozeeka polepole sana. Tulijiuliza: kama motere haijafa, nguvu inapotelea wapi?

Mmoja wetu aliyefanya kazi miaka mingi Katwe, kule Kampala, akaomba chaki. Tuliinua gurudumu moja la nyuma kwa kriki, lingine likabaki chini na mawe mbele na nyuma yake, freni ya mkono tukaiachia, bwati ya vitesi tukaiweka bila vitesi. Tukachora alama ya chaki kwenye tairi na ingine kwenye kardani, lile bomba refu linalozunguka chini kupeleka nguvu kwenye difu. (Wale waliojifunza Gerezani, Dar es Salaam, wanaita propela. Katika karakana yetu kitu kimoja kina majina matatu, na siku ya kwanza mtu aliomba brida akaletewa kikombe cha grisi.) Mmoja anazungusha tairi polepole, wa pili anahesabu kardani kwa sauti. Gurudumu moja likisimama, lile lingine linakwenda mara mbili ya mwendo wa difu, kwa hiyo tairi mara 20 ni difu mara 10. Nyuma kardani ilizunguka mara 37. Tukaenda mbele, tukafunga moyeu za mbele, tukafanya vile vile. Mbele ilizunguka mara 41.

Tukarudia, maana hakuna aliyeamini. Ikawa 37 na 41 tena.

Maana yake ni kwamba kichwa cha difu cha nyuma si cha motokari hii. Kilibadilishwa, labda cha kwanza kilivunjika na huyu ndiye aliyepatikana sokoni. Tulipokifungua tulihesabu meno: gurudumu kubwa la ndani lina 37, dogo lina 10. La mbele lina 37 kwa 9. Kwa macho ni ndugu mapacha, hata bolti zinaingia sawa sawa. Ndiyo hatari yake.

Ongezeni matairi. Ya kawaida ya motokari hii, 7.50-16, yana kimo cha karibu sentimeta 80. Haya ya sasa yana 88. Tairi refu ni sawa na kuongeza vitesi: linakwenda mbali zaidi kwa mzunguko mmoja. Ukichanganya tairi hili na difu ya nyuma ya 37 kwa 10, motere inalazimishwa kama vile vitesi vyote vimepandishwa kwa zaidi ya sehemu moja ya tano. Ni kama kumpa mtu wa toleka baiskeli yenye meno magumu halafu umwambie apande na abiria wawili. Hajafa. Amepewa kazi ambayo miguu yake haikupangiwa.

Na tazameni lingine. Sindano ya mwendo inasoma mzunguko unaotoka kwenye bwati, haijui tairi wala difu. Sindano ikisema 40, motokari inakwenda karibu 49. Mtu anayekwenda 49 anahitaji freni karibu mara moja na nusu kuliko anayekwenda 40. Shoferi wetu alishuka ule mteremko akiamini anakwenda polepole, na freni za nyuma zilikuwa zimelala. Ndiyo maana tumesema hana kosa.

Difu mbili zisizolingana zinaleta pia ule mlio mnaoujua, ule wa "kak, kak" tukiingiza 4x4. Katika kila meta kumi, ponti moja inataka kwenda meta moja zaidi ya ingine. Kwenye matope haidhuru sana, magurudumu yanateleza na kusameheana. Kwenye udongo mkavu ao kwenye daraja hakuna wa kumsamehe mwenzake, nguvu inajikunja ndani ya kardani na kwenye bwati mpaka kitu kivunjike. Misalaba ya kardani iliyovunjika mara mbili mwaka huu, sehemu ya sababu ni hiyo.

Sehemu ingine ni kardani yenyewe. Msalaba ukifanya kazi ukiwa umepinda, hautoi mzunguko laini: unaharakisha na kupunguza, mara mbili katika kila mzunguko. Msalaba wa upande wa pili ndio unaofuta kosa la wa kwanza, lakini kwa masharti. Uma za pande mbili ziwe zimekaa kwenye mstari mmoja, na pembe ya juu na ya chini ziwe sawa. Yetu ilikuwa imetenganishwa katikati, pale inapoingiliana ili irefuke na kufupika, halafu ikarudishwa uma moja ikiwa imegeuka kidogo. Na ponti ya nyuma, baada ya kuinuliwa, ilikuwa inaangalia chini. Ndiyo ile tetemeko ambayo mamama mnasema inawashusha matiti; sisi hatukusema, ni ninyi mliosema. Tulilinganisha uma, tukaweka vipande vya chuma vilivyochongwa kama kabari kati ya resso na ponti, tukapima pembe kwa simu tu iliyolazwa juu ya chuma. Tetemeko imepungua sana. Haijaisha, na haitaisha mpaka tushushe motokari.

Tunajua neno hilo halitawapendeza vijana. Kushusha! Wakati kila mtu anayetoka Buta ao Bafwasende anasimulia mashimo yanayomeza malori. Lakini semeni: tukiinua resso, ni nini kinachopanda? Shasi inapanda, bodi inapanda, abiria anapanda. Difu haipandi hata kidogo, kwa sababu difu iko kwenye ponti, na ponti inakaa kwenye magurudumu. Na kwenye njia zetu kinachokwaruza ni difu. Malori yamechimba mistari miwili, katikati kumebaki mgongo wa udongo, na difu inapita juu ya huo mgongo. Kitu kimoja tu kinachoinua difu ni tairi, na hapo unapata nusu: tairi limeongezeka sentimeta 8, difu imepanda 4. Kwa hizo 4 tumelipa motere inayohema, sindano inayodanganya na misalaba ya kardani. Jembe na koleo viwili kwenye boksi vinafanya kazi zaidi, na mnajua ni nani huwa anashuka kuchimba.

Tena, kuongeza vyuma vya resso hakuongezi tani. Hapa Kisangani watu wengi wanaamini hivyo, hata wenye malori. Resso ngumu haishuki, basi mtu anaona motokari iko sawa na anazidi kupakia. Lakini ponti ni ile ile, freni ni zile zile, shasi ni ile ile. Mshtuko ambao resso ilikuwa inaumeza sasa unakwenda kwenye shasi. Tumekuta ufa, mrefu kama kidole, pale jumeli ya nyuma kulia inaposhika. Umeisha kuunganishwa, na bamba la chuma limewekwa juu yake. Lakini ufa ni ujumbe.

Mengine kwa haraka. Volani iliyokuwa inatangatanga inatokana na zile jumeli ndefu za mbele, zimeigeuza ponti na magurudumu hayarudi yenyewe katikati. Brida za resso ya nyuma zilikuwa zimelegea mpaka unazungusha nati kwa vidole. Kila zikifungwa upya zikazwe tena baada ya kilometa mia moja, na hilo tumeliandika kwa rangi kwenye mlango wa shoferi. Mafuta ya difu ya nyuma yalitoka meupe kama chai ya maziwa. Ponti ina kijibomba cha kupumulia, na cha kwetu kilikatika kamba ilipovutika. Difu inakuwa moto njiani, ukiingia kwenye kijito cha maji baridi hewa ya ndani inasinyaa, na isipopata mahali pa kuvuta hewa inavuta maji. Tumeweka mpira mrefu mpaka juu, karibu na chujio la hewa. Kazi ya dakika ishirini, na ingetuokolea difu nzima.

Basi tunaomba mkutano ukubali mambo haya. Tuondoe chuma kimoja kati ya viwili vilivyoongezwa kila upande nyuma, na turudishe jumeli fupi mbele na nyuma. Turudi kwenye matairi ya 7.50-16, yanayopatikana hapa hapa mjini, haya makubwa tuyauze. Kichwa cha difu cha 37 kwa 9 tumekiona, kiko kwenye Land Cruiser iliyokufa kwa kutu, mwenyewe yuko tayari kuuza, na tumehesabu meno yake sisi wenyewe kabla ya kutaja bei. Fimbo ya kivali cha freni ipangwe upya baada ya kushusha, si kabla, la sivyo tutafanya kazi mara mbili. Na mzigo usipite tani moja, watu wakiwa ndani ya hesabu. Tunajua hapa ndipo kelele zitakapoanzia. Familia iliyorudi na kitanda, mabati na mbuzi haipendi kuambiwa mbuzi angoje safari ya pili. Wengi wetu tumeisha kuwa hiyo familia. Lakini kamati haitatia sahihi kwenye safari yenye zaidi ya hapo, na kama mkutano unataka zaidi, uchague kamati ingine. Hatusemi kwa hasira.

Kwa wafadhili. Mmoja wenu alituandikia kwa roho nzuri kwamba angetuma seti kamili ya kuinua, resso na amortiseri za sentimeta kumi, ya rangi nyekundu kwenye picha. Aksanti sana. Tunaomba asitume. Na ule mchango uliotengwa kwa motere, tunaomba ruhusa yenu tuutumie kwa vitu visivyopigwa picha vizuri: misalaba minne ya kardani, mipira ya freni ya mbele na nyuma, sili za ponti, zile kauchu za ndani ya jumeli, na pampu ya grisi ambayo haivuji. Vyote pamoja havifiki bei ya motere ya mitumba, na kitakachobaki kitarudi kwenye sanduku la wagonjwa. Msipokubali, fedha zitabaki kama zilivyo mpaka mtuambie.

Kazi ikiisha, motokari haitabeba mtu kwanza. Itakwenda Bengamisa na kurudi, na mifuko ya mchanga iliyopimwa, shoferi na fundi mmoja. Kabla ya hapo tutajaribu freni kwenye uwanja ulio sawa, ikiwa tupu, halafu na nusu mzigo, halafu na mzigo wote, na kila mara tutaangalia alama za magurudumu kwenye udongo kujua ni yapi yanayofunga kwanza. Shoferi ameomba ile siku wawepo wale mamama sita wa Banalia, watazame wakiwa wamesimama kando. Tumekubali.

Jumamosi tunafungua ponti ya nyuma, saa mbili asubuhi. Anayetaka kuja kuhesabu meno pamoja nasi, avae nguo za zamani na alete kikombe chake cha chai.